Pua ya Kushoto

Siku Devkinandan Shukla alipostaafu idara ya umwagiliaji, wenzake walimvisha shada la maua ya manjano, wakampa shali, nazi na saa ya ukutani. Presha alikuwa nayo tayari. Miezi iliyofuata alikaa barazani kwake, mtaani kwao Satna, akisoma gazeti kuanzia jina la mhariri mpaka matangazo ya waliofariki, na kila aliyepita mbele yake, awe muuza mboga, awe mke wake, hakukosa kuwa na kosa. Daktari alimwongezea vidonge, akamwongezea tena, mwisho akamwambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuandika kwamba aende bustanini asubuhi, akavute pumzi na wastaafu wenzake.

Shukla hakutaka kwenda peke yake. Alikuwa karani mkuu, mtu ambaye wengine walisimama akiingia. Sasa aonekane amekaa juu ya mkeka anahema mbele za watu? Akamchukua mkewe, Vimla, ili ikija kuulizwa ionekane yeye kamsindikiza tu. Vimla hakuwa na neno. Magoti yalikuwa yakimsumbua, usingizi ulikuwa haumkai, na bustanini angalau kulikuwa na watu wa kuongea nao.

Kundi liliongozwa na Mwalimu Pateria, aliyefundisha jiografia mpaka umri ukamtoa, na ambaye sasa alining'iniza kipaza sauti kidogo cha betri shingoni ingawa mwanafunzi wake wa mbali kabisa angeweza kumgusa kwa mwavuli. Walianza na pumzi ya tumbo: kutoa hewa puani kwa nguvu, tumbo likiruka ndani kila mara. Kisha ikaja pumzi ya zamu. Kidole gumba kinaziba tundu la kulia la pua, unavuta taratibu kwa la kushoto, unashikilia, unaziba la kushoto, unatoa kwa la kulia, halafu unarudi ulikotoka. Mwisho waliziba masikio kwa vidole, wakafumba macho na kuvuma kama nyuki, wazee na mabibi wa mtaa mzima, mpaka mbwa wa bustanini wakahama.

Asije mtu akasema mazoezi yale hayafai. Kabla mvua hazijaisha Vimla alikuwa anapanda juu ya paa na ndoo ya nguo mbichi bila kusimama kwenye ngazi, na akilala alilala kweli. Shukla naye presha ilishuka, na pamoja nayo ikashuka sauti. Hakupigia kelele chumvi tena. Alikula, akanawa, akanyamaza, na siku moja Vimla akajikuta anaimba jikoni, akashtuka akakatiza wimbo katikati.

"Mume wangu amekuwa mtu," alimwambia jirani yake Sarla walipokuwa wanarudi kutoka bustanini.

"Usishangilie mapema," Sarla alimjibu. "Wangu aliacha sigara akaanza siasa. Mpaka leo natamani moshi."

Sarla alikuwa na mdomo, lakini safari hiyo hakukosea. Mwalimu Pateria hakutosheka na kufundisha watu kuvuta pumzi. Baada ya mazoezi aliwabakiza wanaume waliopenda maneno na kuwapa elimu ya kale ya pua: kwamba mtu hapumui sawasawa kwa matundu yote mawili, bali moja linakuwa wazi na lingine limelala, kisha yanabadilishana zamu mchana kutwa. La kulia ni la jua, moto wake ni wa kula, kuoga, kudai na kugombana. La kushoto ni la mwezi, la mambo ya upole na ya kudumu. Yakifunguka yote kwa pamoja, mtu asifanye jambo lolote la dunia, akae, asali.

Vimla aliyasikia hayo kwa sikio moja huku anakunja mkeka, na hakuyaona ya ajabu. Hata bibi yake aliwahi kusema usianze safari bila kujua pumzi iko upande gani. Lakini bibi yake alisema hivyo na kuendelea na kazi. Shukla, aliyetumikia kanuni za serikali maisha yake yote na kuachwa ghafla bila hata moja, alizipokea hizi kama mshahara.

Ikawa hanawi mpaka ajipime. Aliweka kidole chini ya pua, akapuliza, akasikiliza, akatangaza. Chakula kilipoa kikisubiri tundu la kulia. Fundi wa umeme alisimama mlangoni na ngazi yake begani kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amelala ubavu, mto umebanwa kwapani, anangoja upande ugeuke. Maana ukilalia ubavu wa kulia, tundu la kushoto hufunguka, na ukilalia wa kushoto hufunguka la kulia. Fundi alikaa akavuta sigara mbili, akaondoka. Nyumba ilikaa gizani siku hiyo, na Shukla hakukasirika hata kidogo.

"Jamani, Baba Niru," Sarla alimtania siku moja juu ya ukuta, "ukipiga chafya je? Tunaahirisha harusi?"

"Elimu haitaniwi, shemeji," alijibu Shukla kwa upole wake mpya.

Vimla alivumilia. Mtu aliyeishi miaka mingi na kelele hawezi kulalamikia pua. Ule ukimya alikuwa tayari kuununua kwa chakula kilichopoa, na hata kwa giza la siku moja.

Niru waliyemtaja ni binti yao wa pekee, Nirupama, aliyeolewa Jabalpur na kijana anayeitwa Nilesh Dubey, mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Ndoa ilipangwa vizuri, watu walikula wakashiba. Baada ya Diwali iliyopita Niru alikuja nyumbani na begi dogo, akasema hataki kurudi. Hakueleza sana, alisema tu kwamba Nilesh ana mkono mwepesi. Vimla alimwambia kaa, hapa ni kwenu. Siku ya pili Shukla alivaa koti, akakata tiketi, akamrudisha mwenyewe.

"Msichana akilala kwao zaidi ya usiku mmoja, mtaa unaanza kuuliza," alisema alipokuwa anafunga kamba za viatu. "Unataka watukate pua, tukose uso mbele za watu?"

Vimla aliingia jikoni, akajaza boksi vitamu vya ladu vya kumpelekea mkwe, akalifunga na uzi mwekundu, akampa Niru alibebe mapajani.

Simu ilikuja asubuhi moja ya Januari, ukungu ukiwa umekaa juu ya paa za mtaa kama hautaondoka. Shukla alikuwa amesharudi kutoka bustanini na kupanda juu kungojea jua. Vimla alikuwa anachagua mawe kwenye dengu.

"Mama," alisema Niru. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Kaenda dukani. Atarudi kula mchana."

"Kuna nini?"

"Jana alinikamata mkono mpaka bangili za kioo zikavunjika ndani ya nyama. Nimetoa vioo asubuhi hii kwa sindano. Nimechoka, Mama. Safari hii si ya maneno."

Vimla aliweka sinia la dengu chini. "Njoo. Funga mlango uje. Treni zipo."

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Mara ile pia wewe ulisema kaa. Sitaki kauli yako, Mama, usinielewe vibaya. Nataka ya Baba. Anipigie yeye, kwa sauti yake, aseme njoo, na aseme hatanirudisha. Nikija halafu nikarudishwa tena, Nilesh ataniua, na wala sitii chumvi. Mwambie anipigie kabla huyu hajarudi kula."

Vimla alipanda ngazi haraka. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, shali kichwani, miguu imeelekea pale ambapo jua lingetokea. Alimweleza yote, bangili, sindano, na neno ambalo mtoto anataka alisikie kwake. Shukla alisikiliza mpaka mwisho. Zamani angeruka, angemtukana Nilesh na ukoo wake, kisha angemtukana Vimla kwa kumlea mtoto vibaya. Sasa aliweka kidole chini ya pua, akapuliza.

"Wazi ni la kulia," alisema.

"Nimekuambia mtoto wako kachanwa na vioo, wewe unanihesabia matundu?"

"Mama Niru, nisikilize. La kulia ni la jua. Neno likitoka na jua linakuwa vita. Nikipiga simu saa hizi, hadi kesho tuko polisi na akina Dubey wote. Jambo kama hili linataka upande wa upole. Ngoja ligeuke."

"Litageuka saa ngapi?"

"Nitalisaidia," alisema Shukla, akalala ubavu wa kulia na kubana mto kwapani.

Na hapa lazima isemwe wazi, Vimla alingoja. Hakungoja kwa sababu ya kumwogopa. Alingoja kwa sababu aliamini, nusu yake iliamini. Alijua mumewe akiongea kwa hasira huongea nini. Kama kulikuwa na pumzi ya upole ndani ya kifua kile, na kama ilihitaji kulaliwa ubavu ili itoke, basi alale. Alishuka akaleta spinachi na kisu, akakaa kwenye mkeka karibu na kichwa chake na kukata majani taratibu, akimwangalia tumbo linavyopanda na kushuka. Jua lilitoka. Mtaani muuza machungwa alipita akiita. Shukla alifumba macho kwa muda mrefu kiasi kwamba Vimla alimsukuma bega kwa mpini wa kisu.

"Sijalala," alisema Shukla, aliyekuwa amelala.

Alikaa, akajipima. Upande wa kushoto ulikuwa wazi, safi kabisa. Hata Vimla aliisikia hewa ikipita. Akampa simu.

Shukla aliishika. Aliifuta kioo kwa shali. Alitafuta jina la binti yake, akalipata, kidole kikakaa juu yake bila kubonyeza.

"La kushoto ni la mwezi," alisema.

"Ndiyo ulilokuwa unangojea. Piga."

"Ni la mambo ya kudumu. Ndoa. Kuhamia nyumba. Kuchimba kisima. Ukimwita mtu kwa la kushoto, mama Niru, mtu huyo haji kutembea. Anakaa."

"Si ndiyo anachotaka?"

"Ndiyo nasema tutafakari. Leo ana hasira. Mwezi ujao hasira imeisha, anataka kurudi kwa mumewe, na mimi nimeshamfungia mlango kwa pumzi yangu mwenyewe. Si haki kwake."

Vimla alikitua kisu. Alimtazama mumewe, uso uliotulia, macho makubwa ya mtu anayetaka kusaidia, na akayapanga mambo moja moja kama anavyopanga vyombo kabatini.

"Kwa la kulia ni vita," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa la kushoto atakaa."

"Ndiyo hivyo."

"Na yakifunguka yote mawili?"

"Mtu hafanyi jambo la dunia. Anasali."

"Kwa hiyo pumzi ya kumwita mtoto nyumbani haikuumbwa."

Shukla hakukasirika. Aliinamisha kichwa kidogo, kama vile ofisini alipoletewa ombi lisilo na kiambatisho. "Unaona? Wewe sasa hivi presha inakupanda. Vuta pumzi kwanza."

Vimla alinyoosha mkono, akabonyeza jina yeye mwenyewe, na kuisukuma simu mpaka sikioni kwa mumewe. Iliita mara chache. Aliyepokea alikuwa Nilesh. Sauti yake ilisikika vizuri, ya kijana aliyelelewa, yenye heshima na chakula mdomoni.

"Shikamoo Baba. Habari za Satna?"

"Marahaba, mwanangu. Satna ukungu tu. Huko je?"

"Huku pia. Wateja hawatoki. Niru yuko jikoni anachoma chapati, nimwite?"

Vimla alikuwa amepiga magoti mbele ya mumewe. Aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, ndiyo, mwite, mwite. Shukla aliangalia pembeni, kuelekea tangi la maji la jirani.

"La, la, mwache apike, chapati zisije zikaungua. Tulitaka kujua tu kama mko salama. Mama yake anamsalimia."

"Zitafika, Baba."

Shukla akakata simu na kumrudishia mkewe. Uso wake ulikuwa umelegea kwa raha. "Umemsikia kijana? Hana hata mtetemo kwenye sauti. Mtu aliyepigana jana haongei hivyo. Ni mambo ya nyumba, yanapita." Alivuta kile kimashine chake cha kupimia presha kutoka chini ya mto, akajifunga mkononi, akangoja kimalize kunguruma, kisha akamgeuzia Vimla asome. "Angalia. Kijana wa miaka thelathini hana presha nzuri kama hii. Na yote hii katikati ya mtihani."

Alisema ana njaa. Lakini chakula kinataka tundu la kulia, kwa hiyo alijigeuza akalala ubavu wa kushoto, akauhamisha mto kwapa la pili na kufumba macho.

Vimla alimchukia. Chuki yenyewe haikuwa na moto. Ilikuja baridi na ikamwonyesha kila kitu mahali pake. Niru alikuwa jikoni Jabalpur, ameisikia simu yake ikiita, ameona mumewe akiipokea, na amesikia kwamba baba yake hakutaka aitwe. Hilo ndilo jibu alilopata. Na Vimla, aliyekuwa anakata spinachi wakati dakika za mtoto wake zinaisha, alijichukia vilevile, labda zaidi, maana yeye hakuwa na elimu yoyote ya kuisingizia. Utulivu wote ule wa nyumba, ule alioimbia jikoni, ulikuwa ni huu tu: mtu amepata njia ya kukataa bila kupandisha sauti.

Alishuka. Alipakua chakula, akakifunika sahani juu ya sahani, akakiweka mezani. Alivaa sweta juu ya sari, akajitupia shali, akatoa pesa alizokuwa ameficha kwenye kopo la mchele. Maishani mwake hakuwahi kupanda treni peke yake. Alipelekwa na baba, kisha na mume, na mara moja na Niru. Alirudi mpaka katikati ya ngazi ili kichwa chake kionekane juu ya paa.

"Nakwenda Jabalpur," alisema.

Shukla hakufumbua macho. Labda alidhani ni mzaha, labda alikuwa amerudi usingizini. "Angalia kwanza ni upande gani," alinong'ona.

"Sikuangalia," alisema Vimla, akaondoka.

Treni ilichelewa kwa ajili ya ukungu, ikaja imejaa. Mwanamke mmoja mnene alisogeza vikapu vyake na kumpa nafasi ya nusu mtu, kisha akamgawia mbaazi mbichi za kumenya. Vimla alijaribu kuvuta pumzi walivyofundishwa, gumba upande huu, kidole cha pete upande ule, lakini vikapu vilimbana kiwiko na hesabu ya zamu ikampotea. Akaacha. Alikaa na mbaazi mikononi na kuiacha pumzi ije vyovyote itakavyokuja, fupi fupi na ya kelele, kama ya mtu aliyekimbia. Hakuna aliyemtazama.

Njia nzima alitengeneza uongo. Atamwambia Niru, baba yako kasema njoo. Aliufanyia mazoezi kwa namna mbalimbali: kasema njoo lakini kapoteza sauti kwa mafua, kasema njoo na yuko stesheni anakungojea, kasema njoo na analia. Hiyo ya mwisho aliitupa upesi, kwa sababu Niru anamjua baba yake. Kufika stesheni ya Katni alikuwa amechagua ya mafua. Ilikuwa nzuri, hata yeye aliiamini.

Jabalpur taa za maduka zilikuwa zimewashwa, na bajaji ilimzungusha mpaka akadhani inamwibia. Duka la Nilesh alilipita, akamwona kwa nyuma amechuchumaa anampimia mteja mnyororo. Kwamba bado yuko dukani ilikuwa bahati, na Vimla alikuwa hana imani tena na kingine zaidi ya bahati. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Alizipanda ngazi bila kusimama, na alipobonyeza kengele, pumzi yote aliyokuwa ameikusanya asubuhi baada ya asubuhi kule bustanini ilikuwa imekwisha.

Niru alifungua. Alikuwa amevaa sweta la mumewe, mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Alimtazama mama yake, kisha akatazama nyuma yake kwenye ngazi, akiangalia kama kuna mtu anafuata.

"Baba kakutuma?"

Uongo ulikuwa tayari, umekaa mdomoni umevaa na kuchana nywele. Lakini Vimla alikuwa anahema, ameshika mwimo wa mlango, na mtu anayehema hana hewa ya kutosha kusema maneno mengi. Lilimtoka neno lililo fupi.

"Hapana."

"Kasemaje?"

"Hajasema. Na hatasema, mwanangu. Nilimngojea leo mpaka nikaona mwisho wake."

Niru aliitikia kwa kichwa. Hakushangaa, na hilo lilimwuma Vimla kuliko kama angelia. "Basi ingia unywe chai," alisema, "halafu uondoke kabla Nilesh hajafunga duka. Sina ugomvi na wewe. Lakini nikija Baba atanirudisha, unamjua. Na wewe utanifungia ladu."

"Nilikufungia," alisema Vimla. "Kwa uzi mwekundu. Sitakataa."

Walisimama hapo hapo mlangoni. Jikoni kitu kilikuwa kinachemka na kugonga kifuniko. Vimla aliuchukua mkono wa binti yake, akapandisha sweta mpaka kwenye kiwiko, akaona alichokuja kuona. Akaishusha mikono ya sweta taratibu, akaipanga vizuri juu ya vidole.

"Safari hii akitaka kurudisha watu, itabidi akate tiketi mbili," alisema. "Sitabaki kwake na wewe uko huku. Akikuleta, tunakuja wote. Nitatandika mkeka jikoni kwenu, nitalala hapo, na Nilesh akinyanyua mkono atanikuta mimi kwanza. Tutaona mtaa upi utaongea zaidi, wake au wetu."

Niru alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alipowahi kumwona huyu. "Umekuja peke yako?" aliuliza. "Kwa treni?"

"Kwa treni."

"Wewe?"

Kabla Vimla hajajibu, simu yake iliita ndani ya mkoba. Aliitoa. Wote wawili waliliona jina, na mwanga wa kioo ukawaangaza nyuso. Iliita, ikakatika, ikaanza tena. Inawezekana Shukla alikuwa amekosa chumvi. Inawezekana pia kwamba matundu yalikuwa yamepata upande, na neno lile lilikuwa limefika mwishowe kwenye ulimi wake, la upole na la kudumu, analo tayari. Niru alinyoosha mkono nusu, kisha akamwangalia mama yake.

"Ni Baba," alisema. "Hupokei?"

"Mwache avute pumzi," alisema Vimla. "Vaa viatu."

Niru alienda kwanza kuzima jiko. Kisha akaja, akachuchumaa, na kwa mkono mmoja akaanza kutafuta viatu vyake katikati ya viatu vya mumewe.